NLR ya mzee imepanda baada ya mionzi, je, kansa imeshinda?

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 63, ana kansa ya mapafu steji ya 3, ile isiyo ya chembe ndogo, walisema haifai kupasuliwa. Kamaliza mionzi 30 pamoja na kemo wiki mbili zilizopita. Kabla hajaanza neutrofili zilikuwa 5.2 na limfosaiti 1.9. Juzi wamempima tena, neutrofili 4.2 na limfosaiti 0.6. Nimepiga hesabu mwenyewe, NLR imetoka 2.7 mpaka 7, na kila ninaposoma mtandaoni wanasema ikizidi 5 mgonjwa hana maisha marefu. CT skani wamesema mpaka mwezi ujao mwishoni. Je mionzi imeshindwa? Na kuna kipimo chochote cha damu cha kutuambia ukweli kabla ya hiyo skani?"

Marahaba mwanangu, na pole sana na kuuguza.

Jibu kwanza, maelezo baadaye, manake najua una haraka: hapana, hizo namba hazisemi mionzi imeshindwa. Zinachosema ni kwamba mionzi imepita kwenye damu ya mzee, basi, na hilo tulikuwa tunalijua hata kabla hajachomwa sindano ya kipimo.

Ngoja nieleze. NLR ni hesabu ya shule ya msingi, unachukua neutrofili unagawanya kwa limfosaiti, zote mbili ni aina za chembe nyeupe za damu. Sasa zirudie namba zako taratibu. Neutrofili za mzee hazijapanda, zimeshuka, toka 5.2 mpaka 4.2. Zilizoanguka vibaya ni limfosaiti, toka 1.9 mpaka 0.6, na we unajua ukigawanya kwa namba ndogo jibu linakuwa kubwa, kwahiyo 2.7 ikawa 7 bila kansa kufanya lolote. Ingekuwa ni uvimbe unauchokoza mwili mzima, mara nyingi tungetegemea kuona neutrofili ndo zinapanda. Uwiano una tabia hiyo, unaficha nani kapanda na nani kashuka, na mi huwa siitazami NLR ya mtu aliyetoka kwenye mionzi mpaka nione zile namba mbili zilizoizaa. Wewe umeziweka zote, umenirahisishia kazi, wengi wananiletea jibu la mwisho tu.

Sasa kwanini limfosaiti ndo zianguke hivo. Chembe nyingi za mwili zikipigwa mionzi hazifi papo hapo, zinakuja kufa pale zinapojaribu kugawanyika, inaweza kuwa siku kadhaa au wiki baadaye. Limfosaiti hazina subira hiyo, zinajiua zenyewe ndani ya saa chache hata kama zilikuwa zimetulia tu hazigawanyiki, na dozi ya grei 1 au 2 (grei ndo kipimo cha dozi ya mionzi) inatosha kuondoa nusu yake au zaidi. Mzee, kama walifuata ratiba iliyozoeleka, kapata grei 60, yaani grei 2 kila kipindi mara 30, na steji ya 3 mara nyingi ina tezi zilizovimba katikati ya kifua, palepale jirani na moyo na mishipa mikubwa. Damu yote ya mwili inapita kwenye moyo na mapafu ndani ya kama dakika moja hivi, mashine inawaka dakika chache, damu inapita pale mbele ya mionzi na kuondoka, kesho inapita tena. Kuna watafiti walipiga hesabu hii kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, wakakuta kipindi kimoja kinaipa asilimia 5 hivi ya damu dozi ya grei 0.5, ila ukifika mara 30 asilimia 99 ya damu inayozunguka imeshapata angalau kiasi hicho. Na huo ni ubongo, moyo haujaguswa hapo. Kwahiyo mtu wa mionzi ya kifua na kemo juu yake (kemo nayo inashusha) kumaliza na 0.6 sio ajabu hata kidogo, wapo wengi wanamaliza chini ya 0.5. Na hazirudi haraka, ni mambo ya miezi, na kwa wengine hazirudi kabisa pale zilipokuwa mwanzo.

Je, kushuka huko hakuna maana yoyote? Sijasema hivo. Tafiti nyingi zinaonyesha wale ambao limfosaiti zinaanguka sana wakati wa mionzi wanafanya vibaya kidogo kuliko wenzao, na inaeleweka manake hizo ndo askari wa kinga wanaotambua kansa. Lakini hapa kuna fundo ambalo makala za mtandaoni zinaliruka: uvimbe mkubwa unahitaji eneo kubwa la mionzi, eneo kubwa linagusa moyo na damu nyingi zaidi, limfosaiti zinaanguka zaidi, na huyohuyo mwenye uvimbe mkubwa ndo alikuwa na hali ngumu tangu mwanzo. Sasa nani kamuua nani? Utafiti wa RTOG 0617, wa wagonjwa wa kansa ya mapafu steji ya 3 kama mzee, ulitufundisha adabu kwenye hili. Walilinganisha grei 60 na grei 74, kila mtu akiamini kubwa ndo dawa, matokeo yalipotoka mwaka 2015 waliopewa 74 waliishi wastani wa kati wa miezi 20.3 na wale wa 60 miezi 28.7. Na mojawapo ya vitu vilivyoenda sambamba na kufa mapema ni kiasi cha mionzi kilichoangukia moyo. Tangu hapo watu wengi tunaopanga mionzi tunauchukulia moyo kwa uzito mwingine, na wapo wanaosema damu yenyewe nayo ihesabiwe kama kiungo cha kulindwa, mi nawaunga mkono ingawa bado hatujakubaliana dozi gani ndo mwisho.

Turudi kwenye hiyo 5 iliyokunyima usingizi. Kwanza, sehemu kubwa ya tafiti za NLR zilichukua damu kabla ya matibabu. Namba ya kabla ya mionzi ndo ina uzito kiasi, na ya mzee ilikuwa 2.7, ambayo kwa tafiti nyingi iko upande mzuri, mbona hiyo hukuiandika kwa herufi kubwa? Pili, mpaka wenyewe unacheza, huyu anatumia 2.5, yule 3, mwingine 4, mwingine 5, na mara nyingi mpaka umechaguliwa baada ya data kuonekana, pale unapotenganisha vizuri waliopona na waliokufa. Ni sawa na fundi anayeshona nguo huku mvaaji amesimama mbele yake, lazima itamkaa, ila mpe mtu mwingine avae ndo utajua. Kuna hadi mwongozo wa kimataifa unaitwa REMARK, wa mwaka 2005, unaowataka watafiti waeleze waziwazi mpaka waliupataje, na ukisoma makala za NLR unaona wengi bado wanaupita pembeni.

Tatu, na hili ndo kubwa. Kuna kipimo kinachosema hali ya mgonjwa kwa jumla itakuwaje, na kuna kipimo kinachosema dawa gani itamfaa. Hivi ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya kila siku. Mawingu yanakwambia mvua inakuja, hayakwambii kama mwavuli wako unavuja. NLR ni mawingu. Hata ikiwa kweli mbaya, hamna daktari atakayebadilisha matibabu ya baba yako kwa sababu yake peke yake.

Alafu kuna jambo hujaniambia, mzee anatumia steroidi? Dexamethasone hutolewa sana pamoja na kemo kuzuia kutapika na mzio, na wengine wanapewa prednisolone kwa ajili ya kikohozi au kumeza kwa maumivu. Steroidi inapandisha neutrofili na kushusha limfosaiti kwa wakati mmoja, yaani inaichezea NLR pande zote mbili. Maambukizi yanafanya hivo pia, na zile sindano za kuinua chembe nyeupe ndo usiseme. Ukipima mtu kameza dexa juzi unapima dexa.

Vile vipimo vingine vya bei ya kawaida nitavipita haraka. Hemoglobini ina maana kwa sababu mionzi inahitaji oksijeni ili iue vizuri, chembe ya kansa isiyo na oksijeni inastahimili dozi mara 2.5 hadi 3 ya ile yenye oksijeni ya kutosha, na mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anapeleka oksijeni kidogo kwenye uvimbe. Ila kumuongezea damu tu hakujathibitika kwamba kunamaliza tatizo, uvimbe una mishipa mibovu yake mwenyewe. CRP (protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) na albumini (protini kuu ya damu) vinawekwa pamoja kwenye alama inayoitwa ya Glasgow, CRP ikizidi 10 mg/L na albumini ikiwa chini ya 35 g/L ni dalili mwili umechoka na umevimba ndani kwa ndani. Mi naipenda kuliko NLR, kwa sababu inakupeleka kuuliza maswali ya maana: anakula? amepungua kilo ngapi? kuna usaha mahali? Hayo yana dawa. LDH, kimeng'enya kinachomwagika chembe zikiharibika, inasaidia zaidi kwenye ile kansa ya chembe ndogo.

Halafu kuna alama za uvimbe zenyewe, CEA, CYFRA 21-1, NSE, ProGRP. Kwa aina ya baba yako CYFRA ndo yenye maana kidogo, ni vipande vya protini vinavyomwagika chembe za kansa zinapokufa au kuvunjika. Ikiwa ilikuwa juu kabla ya mionzi na sasa imeshuka, ni ishara nzuri, ikianza kupanda tena mara mbili tatu mfululizo unaweka sikio chini. Lakini kama haikupimwa mwanzo, kuipima leo ni kama kumuuliza mtu amekua kiasi gani bila kujua alikuwa na urefu gani. Na zote zina vituko vyake, CEA inakuwa juu kidogo kwa mvuta sigara hata asiye na kansa, CYFRA inapanda figo zikichoka, NSE imo hadi kwenye chembe nyekundu. Nilishawahi kukaa na familia nikiwaandaa kwa habari mbaya sababu NSE ya mgonjwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mwanzo, kumbe damu ilivunjikia kwenye chupa, ilichelewa kutenganishwa. Tukarudia, ikawa kawaida. Yule mama aliniangalia kwa macho ambayo sijayasahau, na tangu siku ile namba moja peke yake hainitoi kwenye kiti.

Sasa tufike kwenye kile ulichokuwa unakiuliza hasa bila kukijua jina, kipimo cha kuonyesha kama kansa bado ipo. Kinachokaribia hapo kuliko vyote ni DNA ya uvimbe inayozunguka kwenye damu, wanaiita ctDNA. Kwamba kuna DNA inaelea kwenye plazma, ule majimaji wa damu, nje ya chembe, hilo Mandel na Métais walilionyesha huko Ufaransa mwaka 1948, ikachukua miongo kupata mashine za kutambua kipande kimoja cha kansa katikati ya maelfu ya vipande vya kawaida. Uzuri wake ni kwamba haikai, nusu yake inaondoka kwenye damu ndani ya kama saa mbili au pungufu, kwahiyo ukiikuta leo ni ya leo, sio mabaki ya mwezi uliopita. CT inaonyesha kovu na uvimbe kwa rangi ileile ya kijivu, ctDNA haina habari na kovu.

Mwaka 2017 kundi la Stanford lilitoa matokeo ya wagonjwa 40 wa kansa ya mapafu ambayo haijasambaa, wengi wao wa mionzi. Kati ya wale ambao kansa ilikuja kurudi na damu yao iliweza kupimwa, asilimia 94 walikuwa na ctDNA kwenye sampuli ya kwanza baada ya matibabu, na kwa asilimia 72 damu iliona kabla ya skani, wastani wa kati miezi 5.2 mapema. Nikiri niliposoma nilisimama. Mwaka 2020 ikatoka kazi nyingine, wale ambao ctDNA haikuonekana baada ya mionzi na kemo walifanya vizuri, wawe waliongezewa imunotherapi (dawa za kuiamsha kinga ya mwili ipigane na kansa) au hawakuongezewa, na wale ambao bado ilionekana, walioongezewa walifanya vizuri kuliko wasioongezewa. Kama hilo litathibitika kwa watu wengi, tutaweza kujua nani anahitaji mwaka mzima wa dripu na nani tumuache apumzike.

Ila usikimbie kukitafuta kesho. Hizo tafiti ni ndogo. Kutoonekana sio kutokuwepo, uvimbe mdogo unamwaga DNA kidogo sana, na kansa iliyojificha kwenye ubongo inaweza isionekane kabisa kwenye damu ya mkononi. Kuna na kosa la upande wa pili, watu wenye umri mkubwa wanabeba mabadiliko ya vinasaba kwenye chembe zao nyeupe wenyewe, hayahusiani na mapafu, na maabara isiyopima chembe nyeupe sambamba inaweza kuyaita kansa. Ndo maana ESMO, chama cha madaktari wa kansa cha Ulaya, mwaka 2022 walisema kutafuta mabaki ya kansa kwa ctDNA kusiwe kipimo cha kila siku bado. Mi ningekuwa na mzee wangu kwenye nafasi hiyo nisingekifanya nje ya utafiti, kwa sababu ningepata jibu nisilojua la kulifanyia.

Kuna kipimo kimoja lakini ambacho kinaweza kubadilisha matibabu sasa hivi, na hujakitaja: EGFR. Hii ni kuangalia kama kansa ina badiliko fulani la kinasaba, inaangaliwa kwenye kinyama walichotoa mwanzo, na ikishindikana hata kwenye damu inawezekana, ingawa damu ikisema hapana haijafunga mjadala. Utafiti wa LAURA wa mwaka 2024 uliwapa wenye badiliko hilo, waliomaliza mionzi na kemo kama mzee, vidonge vya osimertinib, wakakaa wastani wa kati wa miezi 39.1 kabla ugonjwa haujasogea, wenzao wa vidonge vya danganyo miezi 5.6. Asiyekuwa nalo njia yake ni durvalumab, ile imunotherapi ya utafiti wa PACIFIC, watu 713, baada ya miaka 5 asilimia 42.9 walikuwa hai dhidi ya 33.4 ya wasiopewa. Na ni muhimu EGFR ijulikane kwanza, manake kuanza durvalumab alafu kuhamia osimertinib muda mfupi baadaye kunaongeza hatari ya mapafu kuvimba vibaya.

Hapo ndo tarehe ya skani inaponipa wasiwasi kuliko NLR yako. Kwenye PACIFIC watu walianza dawa ndani ya siku 42 baada ya mionzi ya mwisho, na walitakiwa kwanza ionekane ugonjwa haujasonga mbele. Mzee kashatumia siku 14. "Mwezi ujao mwishoni" inaweza kuangukia nje ya hapo. Sio kwamba siku ya 43 mlango unafungwa, ila mpigie daktari wake umuulize waziwazi, kuna mpango wa dawa baada ya mionzi? na kama upo, skani hii imewekwa tarehe hii kwa sababu gani? Huenda wana sababu nzuri, skani ya mapema sana inachanganya kwa vile pafu lililopigwa mionzi linavimba na kuonekana kama ugonjwa.

Na huko kuvimba ndo kitu cha kukitazama nyumbani, kati ya mwezi 1 na 6 hivi. Kikohozi kikavu kipya, pumzi kukatika akitembea hatua alizokuwa anaziweza wiki iliyopita, homa ndogondogo. Watafiti wamehangaika miaka na alama za damu za kulitabiri hili, TGF-beta, IL-6, KL-6, na TGF-beta ilipendwa sana mpaka ikagundulika chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinaimwaga kwenye chupa ya damu yenyewe ukiichelewesha, kila maabara ikawa na namba zake. Mpaka leo swali la "mzee unapumuaje?" linaishinda mashine. Homa ikifika 38 usisubiri asubuhi, kemo ni ya juzi tu na limfosaiti ndo hizo 0.6, mpeleke hospitali usiku huohuo, na wakimuanzishia prednisolone ya muda mrefu uliza kama anahitaji dawa ya kuzuia nimonia ya pneumocystis, ile ya fangasi inayowapata wenye kinga iliyoshuka.

NLR usiipige tena mwenyewe kila wiki. Damu atapimwa kwa sababu nyingine na namba utaziona tu. Ukipata jibu la EGFR na tarehe mpya ya skani niandikie hapahapa, na uniambie dexa ya mwisho alimeza lini.